Kijitabu Kisichokuwapo

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, nilipokaa mbele ya kompyuta pale Masasi mjini nikaandika jina la kitabu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiandika. Ukiutazama ulikuwa mstari mmoja tu, maneno machache na namba ya ukurasa. Lakini mstari ule nusura umtoe bibi kizee nyumbani kwake. Nimesikia na wewe umejiunga na kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaandika na kila mtu anasahihisha. Sikukatazi. Nataka tu ujue mwenzio niliingiaje, na nilitokaje.

Kwanza uijue tabia yangu. Mimi ni mtu wa shaka tangu utotoni. Nikipewa chakula ugenini, nasubiri mwenyeji atie tonge kwanza. Jirani akinisalimia mara mbili asubuhi moja, najiuliza anataka nini. Marehemu mama alikuwa akisema nalala jicho moja likiwa wazi. Wala siioni shaka kuwa dhambi, imeniepusha na mengi. Ila shaka ina mahali pa kuielekeza, na enzi hizo sikupajua.

Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi kijijini kwetu, huku juu upande wa Kitangari, nimeshamzaa Asha wangu wa kwanza. Simu zetu zilikuwa za vitufe. Ikaja semina ya wiki moja Masasi, walimu wawili kutoka kila shule wafundishwe kuandika kwenye kamusi elezo kwa Kiswahili, ili vijiji vyetu navyo visomeke. Shuleni kwetu tulichaguliwa mimi na Mama Fikiri. Huyu tulichezwa unyago pamoja, tukasoma pamoja, tukaajiriwa pamoja. Watu walituita chanda na pete.

Mkufunzi alikuwa dada mmoja mpole, jina lake Neema. Siku ya kwanza alitupa masharti. Humu, alisema, hatuandiki tunachokijua vifuani, tunaandika kilichokwisha kuandikwa na wengine mahali ambapo mtu anaweza kwenda kukagua. Kila habari itajiwe chanzo. Usiandike habari za ukoo wako mwenyewe, maana mapenzi hupofusha. Na mtu akifuta ulichoandika, usimdhanie ubaya, nenda ukurasa wa majadiliano umuulize.

Niliyanakili yote kwa mwandiko mzuri na sikuamini hata moja. Nilijiuliza masharti haya ameyatunga nani, na yanamlinda nani. Sisi huku historia yetu iko vinywani mwa wazee. Ukinidai kitabu, ni kama unaniambia sina historia. Na nikuambie ukweli, mwanangu, mpaka leo naona hoja ile ilikuwa na uzito. Tatizo halikuwa hoja, tatizo lilikuwa nilichokwenda kuifanyia.

Hapa lazima nikueleze habari ya kisima. Unajua kwetu juu hakuna maji, maji yako bondeni, na mama zetu wameupanda ule mteremko na ndoo kichwani tangu hatujazaliwa. Kisima chetu kilidaiwa na koo mbili. Sisi tulisema babu zetu ndio waliokifukua, na akina Mama Fikiri walisema ni wao. Bibi yake Mama Fikiri, Bibi Somoe, alikuwa na nyumba yake palepale kisimani. Ndiye aliyefagia njia na kuwagombeza watoto wanaonawa miguu majini. Upande wetu msemaji alikuwa mjomba Salumu, kaka yake mama, na kwetu neno la mjomba halirudishwi hovyo. Kabla sijaondoka kwenda semina aliniita.

"Mpwa wangu, ukifika huko andika kwamba kisima ni chetu. Lisemwalo lipo."

Nikaandika. Jumatatu jioni ukurasa wa kijiji chetu ulikuwa umesimama, na ndani yake sentensi ya kisima, na jina la ukoo wetu. Nilijiona nimewajengea wazee nyumba ya matofali. Jumanne asubuhi nafungua, sentensi haipo. Aliyeifuta alijiita Mpita Njia, na kwenye muhtasari wa mabadiliko alikuwa ameacha maneno mawili tu: "Hakuna chanzo."

Sasa nani, katika dunia nzima, angejali kisima cha bondeni kwetu? Nikageuza shingo. Mama Fikiri alikuwa amekaa kompyuta ya pembeni, na kila nilipopita karibu yake alivuta kanga akaziba kioo. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema moyoni. Nikairudisha sentensi. Tuliporudi kutoka kula mchana imefutwa tena. Nikamtazama, naye akanitazama na kutabasamu, na lile tabasamu nililisoma nilivyotaka mimi.

Ndipo nilipofanya lile jambo. Nikairudisha sentensi mara ya tatu, na chini yake nikaweka chanzo: kijitabu cha historia ya kijiji chetu, ukurasa wa kumi na mbili. Kijitabu hicho hakikuwapo. Hilo la ukurasa wa kumi na mbili lilinipendeza zaidi, maana nani atadhani mtu ametunga hata namba ya ukurasa? Baada ya saa moja Mpita Njia akaandika palepale kwenye muhtasari: "Asante sana kwa chanzo." Sentensi ikabaki. Nilicheka peke yangu nikidhani nimemnyamazisha rafiki yangu.

Tuliporudi kijijini nikampa Mama Fikiri kisogo. Salamu zake nilizijibu kwa kidevu. Akiniuliza kuna nini, namwambia hakuna. Mwanawe Fikiri alipolazwa hospitali ya Ndanda kwa homa kali, walimu wote walipanga wakaenda kumwona. Mimi nilisema nina madaftari ya kusahihisha.

Mwaka ule, mabibo ya mikorosho yakiwa yameanza kuanguka, wakaja watu wa mradi wa maji. Walitaka kujenga tangi kule bondeni, wakauliza wenye kisima ni nani, wakubaliane nao. Mkutano ukaitwa darasani kwetu, wazee wakakunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mjomba Salumu alisimama akasema kisima ni cha ukoo wetu, na mahali pazuri pa tangi ni pale ilipo nyumba ya Bibi Somoe, kwa hiyo nyumba ivunjwe bibi ahamie juu kwa wajukuu. Watu wakaguna. Mjomba akatoa karatasi mfukoni mwa kanzu. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba maneno yake yako mtandaoni, na yeye alikwenda Newala akachapishiwa.

Mwenyekiti wa kijiji akaisoma kwa sauti mpaka pale pa kijitabu na ukurasa wa kumi na mbili. Miguno ikabadilika. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Kumbe imeandikwa." Mwanangu, nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimeandika ili ukoo usifiwe, sikuwa nimeandika ili bibi avunjiwe nyumba. Lakini neno likishatoka hulitumi unakotaka wewe.

Bibi Somoe akainuka taratibu, ameshika dawati.

"Mimi sisomi," alisema. "Nauliza tu. Hiyo karatasi, nani kaiambia?"

"Kitabu, bibi," mwenyekiti akajibu.

"Haya. Na hicho kitabu, nani kakiona?"

Swali lile lile la Neema, linaulizwa na mtu ambaye hajawahi kushika kalamu. Mwenyekiti akamgeukia Mama Fikiri, akamwambia, "Mwalimu, nyie ndio mliokwenda Masasi. Haya mambo huandikwa na nani?"

Mama Fikiri alijua. Semina nzima tulionyeshwa kwamba kila ukurasa una historia yake, na kila neno lina jina la aliyeliweka. Alikuwa ameufungua ukurasa wetu akaliona jina langu. Angeweza kunianika pale mbele ya kijiji kizima, na kwa nilivyomtenda alikuwa na haki. Akanitazama, kisha akasema, "Muulizeni Mama Asha. Anajua zaidi yangu."

Nikasimama. Nikasema, "Kitabu hakipo. Nilikitunga mimi."

Mjomba aliikunja ile karatasi mara nne, akairudisha mfukoni, akatoka bila kuaga. Bibi Somoe hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alisema polepole, na haya ndiyo maneno niliyokuitia:

"Mjukuu wangu, ungesema mjomba wako kasema, ningebishana na mjomba wako. Tumebishana naye tangu ujana na tunazikana. Lakini kitabu kisichokuwapo, mimi nitabishana nacho vipi? Nenda kafute."

Jumamosi yake nikaenda Newala kwenye chumba cha kompyuta, nikafuta sentensi na chanzo chake. Kwenye muhtasari wa mabadiliko nikaandika kwamba chanzo nilikitunga na naomba radhi. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikafungua ukurasa wa majadiliano. Kulikuwa na ujumbe unaonisubiri tangu asubuhi ya ile Jumanne ya Masasi, kabla sijatunga kijitabu. Mpita Njia alikuwa ameandika kwamba nakaribishwa, kwamba habari ya kisima ni nzuri na inastahili kuhifadhiwa, na je, kuna gazeti au kitabu kilichowahi kuwahoji wazee wetu? Yuko tayari kunisaidia kutafuta. Nikafungua na orodha ya kazi zake. Alikuwa anasahihisha kurasa za samaki, za milima, za nyota, za miji nisiyoijua. Hakuwa na habari na ugomvi wetu. Na ile mara ya pili aliyofuta, saa iliyoandikwa pale ilikuwa saa niliyokuwa nakula ugali sahani moja na Mama Fikiri.

Nikaenda kwake siku hiyohiyo. Nikamweleza yote, hata lile la kanga. Alishika kiuno.

"Mimi? Mama Asha, wiki nzima sikujua kuandika hata herufi kubwa! Nilikuwa naziba kioo usinicheke."

Tukacheka mpaka machozi. Halafu akasema, "Fikiri alikuulizia siku zote tatu pale wodini."

Tangi lilijengwa hatua chache chini ya njia, na nyumba haikuguswa. Bibi Somoe aliishi humo miaka mingine mingi na alifia kitandani kwake. Mjomba alinisamehe msimu wa korosho uliofuata, na mpaka anaingia kaburini alisema kisima ni chetu. Huenda ni kweli. Mimi sijui, na ukurasa wa kijiji chetu nao hausemi, una mistari minne tu na kisima hakimo.

Basi sikiliza, mwanangu. Hawatakosekana watu wa kukuambia uache shaka. Usiiache, ila ijue njia yake. Litilie shaka neno kabla hujamtilia shaka mtu, na katika maneno yote anza na lako, hasa lile unalolipenda sana na lile ulilopewa na ukoo wako. Ukifutwa, uliza kabla hujanuna, kuuliza si ujinga. Kama ulicho nacho ni mjomba kasema, basi sema mjomba kasema, mahali panapopokea maneno ya mjomba, na nenda kawarekodi wazee wangali hai ili siku moja kitabu kiwepo kweli. Usitunge ushahidi hata kwa jambo unaloamini ni la haki, maana unamnyima mwenzio mtu wa kubishana naye. Njia ya mwongo ni fupi, lakini nimeona inavyoweza kufika mlangoni kwa mtu asiye na hatia.

Na haya yangu usiyameze mazimamazima. Mama Fikiri yu hai, nyumba yake unaijua, nenda kamuulize kama nimeongeza chumvi.

Mungu akupe jicho kali na ulimi mpole. Akuepushe na fahari ya ukoo inayokula watu wa ukoo mwingine. Na siku utakapokosea mbele ya watu, maana utakosea, akujaalie rafiki atakayejua yote, akanyamaza, akakuachia nafasi ya kuyasema mwenyewe.