Mursik ya Kufungwa Mabao Tisa

Siku hizo, miaka michache baada ya Uhuru, kambi yetu ya wachuma chai ilikuwa na timu ya mpira, timu ilikuwa na golikipa, na golikipa alikuwa mume wangu. Mimi nilikuwa shabiki. Kama majigambo yangepimwa kwa mizani jinsi majani yalivyopimwa, hakuna mwanamke kambini ambaye angenifikia.

Wiki nzima kabla ya mechi na kambi ya ng'ambo ya mto, nilitangaza ushindi. Sisi tulitoka milima ya Kisii, lakini nilikuwa nimeona Wakipsigis wakimpokea mshindi kwa mursik, yale maziwa yao yanayolazwa siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Nikaona mume wangu anastahili. Na kwa kuwa mursik haiivi kwa siku moja, nikaenda mapema kuagiza kwa mama mmoja mwenye ng'ombe, mpakani mwa shamba la kampuni.

"Na mkishindwa?" akauliza.

"Mama, wewe tayarisha tu. Hiyo mechi ni kama imeisha."

Jumamosi alasiri nikasimama nyuma ya goli letu, kibuyu mkononi, kila mtu akione.

Goli halikuwa na wavu. Nyuma yake ilikuwa chai tupu, na mpira ukipita, golikipa ndiye aliyeufuata huko ndani. Bao la kwanza nilimlaumu refa. La pili, tope. La tatu nilimlaumu Mungu, tena kimoyomoyo, maana akina mama wa kanisa walikuwa karibu. Kufikia la sita, mume wangu alikuwa ameingia kwenye chai mara nyingi kuliko nyapara, na sikuwa na mtu mwingine wa kulaumu isipokuwa yeye. Hapo ndipo mwanamke mmoja wa ng'ambo akaniuliza, "Huyo golikipa yenu ni bwana ya nani?"

"Sijui," nikasema. "Mimi nimekuja kuuza maziwa tu."

Mume wangu alikuwa hatua tano mbele yangu. Hakugeuka.

Bao la tisa likapita. Akaingia kwenye chai kuufuata mpira, na hakutoka. Refa akapiga filimbi, akangoja, akapiga tena. Watu wakaanza kucheka. Nikaona aibu, na safari hii haikuwa aibu ya mabao. Nikaingia kumtafuta.

Nilimkuta ameketi chini katikati ya mistari, mpira mapajani. Mkono wake mmoja ulikuwa ukichuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, bila kikapu, na nadhani hakujua.

"Wameenda?" akauliza.

"Hawaendi. Mpira ni yao."

Nikampa kibuyu. Akakitazama.

"Si ulisema unauza?"

Nikalia. Akanywa kwanza, akafuta mdomo, akasema yule mama anajua kazi yake. Kisha akanipa kilichobaki nimalizie.

Tulipotoka, watu walikuwa bado wamejipanga kando ya uwanja, yule mwanamke wa ng'ambo akiwa mbele kabisa. Nikamshika mume wangu mkono, jambo ambalo hata siku ya harusi tulilifanya kwa amri ya pasta.

"Huyu ni bwana yangu!" nikasema kwa sauti ya kufika Kapkatet. "Na hizo goli tisa ni zetu sisi wawili!"

Walicheka kuliko walivyocheka bao la tisa. Yeye pia alicheka, lakini mkono hakuniachia.