Aliyeandika Wasifu wa Rafiki Yangu

Kwa miaka miwili niliwadanganya watu kanisani. Wakiniuliza binti yangu anasomea nini chuoni, nilijibu sheria. Alikuwa anasomea historia, na hapa nyumbani Bowie, Marekani, nilikuwa nimeshamuuliza mara zisizo na idadi: nani atakulipa mshahara kwa historia?

Kisha rafiki yangu wa siku nyingi akafariki, na mjane wake akamwomba binti yangu aandike wasifu wa kusomwa msibani. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Wasifu wetu unajulikana: alizaliwa, alisoma, alikuja Marekani, ameacha mke na watoto watatu. Yeye akaomba sanduku zima la makaratasi ya marehemu, akalipekua wiki nzima kwenye meza yangu ya kulia, huku akipiga simu hadi Dodoma. Kila aliyemwambia jambo alimuuliza amelijuaje. Niliona aibu, maana alikuwa anawahoji wazee kama polisi.

Sote tulijua kwamba marehemu aliacha chuo kule Annandale kwa sababu hesabu zilimshinda. Tulimtania hivyo hadi uzeeni, mkewe akiwa mstari wa mbele. Ndani ya sanduku binti yangu akakuta nakala ya barua ambayo marehemu alikiandikia chuo. Aliomba kuacha masomo ili ashike kazi ya pili, mkewe apate kumaliza uuguzi. Alama zake za hesabu zilikuwamo pia, na zilikuwa nzuri.

Mtoto huyu, ambaye hunijibu kwa Kiingereza hata nikimwita kula, alimfuata mjane akamwambia kwa Kiswahili, taratibu, "Anti, hii siwezi kuisoma mbele ya watu mpaka uisome wewe kwanza."

Mjane aliisoma mara mbili. "Miaka yote hiyo nilimcheka," alisema. "Isome, mwanangu. Isome yote."

Siku ya msiba ikasomwa kanisani, yote.

Mwaka huu binti yangu ameajiriwa na ofisi inayohifadhi kumbukumbu za kaunti. Kwenye usaili walimuuliza ni kazi gani anajivunia, akawasimulia habari za sanduku lile. Ninamsifu mpaka nawachosha watu. Lakini hata kabla ya kazi hiyo, siku ile ya msiba, nje ya kanisa, mzee mmoja alinishika mkono akasema mwanasheria wangu huyu atafika mbali.

"Anasomea historia," nilimwambia. "Hiyo ya sheria niliitunga mimi."