Jenereta ya Khocha Ilivyotupokonya Bibi Harusi

Mjomba wangu alipeana mchumba wa ndugu yangu kwa watu wa Namanga.

Mchana peupe. Bila pombe. Huku anatabasamu.

Na alipomaliza kumpeana, akatugeukia kama mtu ametangazwa mbunge.

Tuliza boli, nakuja.

Ilikuwa Agosti 2004. Nilikuwa na saluni ndogo Kitengela, nyuma ya soko, na nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa inalala watu wa vyumba sita. Napenda watu, sifichi. Ukitaka kujua nani amehama na kitanda cha nani, ulikuwa unakuja kwangu kusukwa, unaondoka na kichwa kimejaa ndani na nje.

Ndugu yangu Lennox alikuwa anashona suruali kule viwanda vya EPZ. Siku moja akaleta msichana anaitwa Kakenya, nesi wa zahanati, Mmaasai wa kuhesabu maneno. Lennox alimpenda mpaka akaanza kuoga asubuhi na jioni. Mama alipoona hiyo sabuni inaisha, akajua hapa lazima posa iende.

Babake Kakenya, Mzee Lesiamon, akatuma neno: njooni, mlale siku mbili, tuongee.

Boma yake ilikuwa ndani kabisa. Unapita Kajiado, unashika barabara ya Namanga, halafu unatoka kwa lami na kuanza kuomba Mungu. Nguzo ya mwisho ya stima tuliipungia mkono.

Sasa, kwetu Bungoma, watu wa kijana hawalali ndani ya boma ya wakwe. Ni mwiko. Ikabidi tubebe hema, tulale nje ya ua kama wazungu wametoka kuona simba.

Mtu mwenye akili angesema: siku mbili tu, bebeni taa ya mafuta na torchi.

Huyo mtu hatukuwa naye kwa familia.

Sisi tulitaka spika. Tulitaka maiki. Tulitaka balbu na kamera ya video. Lazima wakwe wajue mtoto wao anaenda kwa watu!

Hapo vita ikaanza.

Upande mmoja, Khocha Wasike. Khocha ni mjomba, ndugu ya mama, na kwetu posa bila khocha ni kama ugali bila maji. Yeye ndiye msemaji. Alikuwa anachomelea mageti pale barabarani na alikuwa na jenereta ya kuvuta kamba, aliyoipenda kuliko watoto wake wakubwa.

"Hii haingurumi," alikuwa anaambia kila mtu. "Hii inanong'ona."

Upande wa pili, bwanangu Wamalwa. Alikuwa ameenda maonyesho ya kilimo Nairobi, akarudi na paneli ya sola, betri ya gari na kiburi.

"Jua ni ya Mungu, khocha. Haina petroli, haina moshi."

"Na usiku? Utaambia jua irudi kidogo?"

"Kuna betri."

"Kwa hivyo unaenda kuposa na mwanga wa jana."

"Afadhali wa jana kuliko hiyo yako ya kuvuta kamba kama mtu anazalisha ng'ombe!"

Wiki nzima hivyo, nyumbani kwangu, kwa chai yangu. Mwishowe mama akaamua tubebe zote mbili, familia isivunjike. Familia yetu ni ya upendo sana.

Tulifika saa nne asubuhi. Wamalwa akaweka paneli mbele ya hema, akaielekeza kwa jua, akaipanguza na hanchifu kama mdomo wa mtoto. Akaenda kusalimia wanaume.

"Sopa!" akaitikiwa "Ipa!" Akafurahi, akadhani ameshajua Kimaasai.

Sasa kutana na Senge Jentrix.

Senge ni shangazi yetu. Alikuwa amebeba omena, dagaa wa ziwa. Unaelewa? Anaenda boma ya Mmaasai, mtu mwenye ng'ombe mpaka hajui aangalie upande gani, na yeye amebeba omena.

"Nyama ikiisha je?" ndiyo ilikuwa hoja yake.

Njiani, kwa pikapu, jerikeni ya maji ilikuwa imemwagikia ile omena, ikalowa chapachapa. Senge akazunguka akitafuta pa kuanika. Huku vumbi, huku miiba, huku mavi ya mbuzi. Halafu Mungu akamwonyesha mahali pasafi, tambarare, peusi, panapochomwa na jua vizuri ajabu.

Akaanika yote. Akaipanga safi, samaki kwa samaki. Kila baada ya muda anaigeuza.

Saa nane tukaitwa mazungumzo yaanze. Wamalwa akawasha spika. Kimya. Akagusa waya, kimya. Akafungua fyuzi, akapuliza, kimya. Akafuata waya polepole mpaka kwa paneli.

"Senge! Hii ni nini?"

"Ni omena, mkwe. Kwani kwenu hamuijui?"

"Imekula jua yote!"

"Si ndiyo maana imekauka," Senge akasema, ameridhika kabisa.

Khocha alicheka mpaka akashika nguzo ya ua. "Leteni mwanaume," akasema.

Jenereta ikaletwa. Kwa sababu waya ilikuwa fupi, ikawekwa nyuma ya kiti cha Khocha mwenyewe. Wamalwa, kwa hasira, akabaki kule kwa hema akiosha paneli na kusema na omena.

Sasa sikiza hii, ndiyo kiini cha mambo.

Mmaasai mzee haruki kwa neno la maana kama kuku kwa mahindi. Kwanza mnapeana habari. Wao wanaita ilomon. Mzee anaanza alikoamka, anaenda kwa mvua, kwa malisho, kwa nani mgonjwa na nani alipita hapa. Polepole, kwa sauti ya chini, na wewe unasikiza mpaka mwisho, kisha unatoa zako. Ni umbea ulio na baraka za wazee! Mimi ningekaa hapo mpaka Krismasi.

Lakini nilikuwa nimekaa na wanawake upande wa jikoni. Lennox naye, kama mwoaji, alikuwa amewekwa mbali akiangalia viatu vyake. Kile tulisikia wote ni kimoja.

Ile jenereta ikinong'ona.

Ilinong'ona kama lori la magadi linapanda mlima wa Kona Baridi. Mbuzi wakahama. Vikombe vikaanza kutembea kwa meza.

Mzee Lesiamon alipewa maiki, akaikataa kwa mkono. Akaongea vile wazee huongea, taratibu. Wazee wenzake walikuwa wamemzunguka karibu, wanasikia. Khocha alikuwa ng'ambo ya meza, moshi kwa shingo, anaangalia midomo.

Angesema "hatusikii." Lakini angesemaje, na Wamalwa yuko pale hema anangoja tu kumcheka?

Basi kila mdomo wa Mzee ukisimama, Khocha anashika maiki: "Sawa kabisa, Mzee!"

Mara Mzee akaegemea mbele. Akamwangalia Khocha sana. Akasema kitu tena, pole pole, akinyoosha kidole kwa Lennox, halafu upande wa Namanga.

"Sawa kabisa, Mzee! Tena bila shida!"

Wazee wakaangaliana. Mzee akachukua rungu yake, akasimama, akaenda zake. Wengine wakamfuata.

Khocha akazima mashine, akajinyoosha.

"Mmeona? Imeisha hivyo. Hata hajabishana na mimi."

Tukashangilia! Lennox akabebwa juu. Mimi nilipiga vigelegele mpaka koo ikakwaruza, na kichwani nilikuwa nishapanga nani Kitengela atajua kwanza.

Kakenya akatoka ndani. Macho mekundu.

"Caren," akaniambia, "mbona mmeniacha?"

"Kukuacha vipi? Si tumekupata!"

"Baba kwa habari zake amesema kuna watu wa Namanga wameniulizia kwa kijana wao. Akamuuliza khocha wenu, mnasemaje, niwape hao? Khocha akasema sawa kabisa. Baba hakuamini, akauliza tena. Akasema bila shida."

Lennox, walikuwa bado wamembeba. Waliposikia, wakamwachilia. Akaanguka, akabaki hapo hapo chini. Hakutafuta hata kiti.

Tukamfuata Mzee mbio kwa lango la ng'ombe. Wamalwa akaongea kwanza.

"Mzee, tusamehe. Hakusikia. Ni hii jenereta."

"Mzee mwenzangu amekubali mbele ya wazee," Mzee akasema. "Neno la mzee si shati, ulivae na kulivua. Lakini kama hakusikia, aseme mwenyewe."

Wote tukamgeukia Khocha.

Neno moja tu. Sikusikia. Hata mtoto wa nasari analitamka.

Khocha akafungua mdomo. Halafu akamwona Wamalwa, na pembeni ya mdomo wa Wamalwa kuna kicheko cha sola kinaanza kuchomoza.

"Nilisikia," akasema. "Jenereta yangu haina kelele."

"Khocha!" Lennox akapiga magoti kwa vumbi. "Khocha, ni bibi yangu huyo."

"Siwezi kudanganya wazee, kijana. Mimi ni mtu wa ukweli."

"Wasike," Senge Jentrix akauliza, "huu ujinga ni wa kuzaliwa ama umeununua na petroli?"

Mzee Lesiamon akainua mkono.

"Iwasheni," akasema. "Kama inanong'ona, tutajua."

Khocha akavuta kamba. Mashine ikalia. Mzee akasema kitu kwa sauti yake ile ile. Jasho linamtoka Khocha, macho kwa midomo ya Mzee. Midomo ikasimama.

"Sawa kabisa, Mzee!"

Ikazimwa.

"Nimekuuliza," Mzee akasema, "kama hii mashine umeniachia, iwe yangu leo na siku zote. Umekubali, na wazee wamesikia. Ashe oleng, asante sana. Simel, ipeleke ndani."

Simel, ndugu ya Kakenya, akaishika mkono.

Nimewahi kuona watu wakiungama kanisani, lakini vile niliona siku hiyo sijaona tena.

"Sikusikia!" Khocha akapiga nduru, ameikumbatia. "Haki ya Mungu, wazee, sikusikia hata neno! Hii kitu inapiga kelele kama posho mill! Majirani wamenipeleka kwa chifu juu yake!"

"Na ile ya Namanga?"

"Hata hiyo! Tangu tukae sijasikia kitu! Sijui hata kama mvua ilinyesha huku!"

Kwa mtoto wa dadake alishindwa. Kwa jenereta aliimba mpaka ubeti wa mwisho.

"Basi hakuna kilichosemwa," Mzee akasema. Akarudi kwa kiti, akaanza upya, kutoka alikoamka. Tulisikiza wote, midomo imefungwa, mpaka ng'ombe wakarudi. Jioni hiyo Lennox akapewa Kakenya.

Ungedhani imeisha hapo.

Miezi michache baada ya harusi, nikiwa namsuka Kakenya pale saluni, nikamuuliza wale watu wa Namanga walisema nini.

"Watu gani?"

Kitana kikaniponyoka.

"Hakukuwa na watu, Caren. Ni mimi nilimwomba baba aweke hiyo maneno katikati ya habari. Nilitaka kujua, nikiolewa kwenu, kama kuna mmoja anasikiza mtu mpaka mwisho."

"Na yale machozi?"

"Yale yalikuwa ya ukweli. Baba akishasema mbele ya wazee hawezi kurudi, watu wa Namanga wawepo wasiwepo. Sikujua mtakubali mara mbili."

Nikanyamaza. Wateja watatu walikuwa kwa benchi na wanaweza kukuapia: mimi, Caren, nilinyamaza.

Kwa hivyo wewe unayepima ubebe sola ama jenereta ukienda kulala porini, beba unayopenda. Sola iangaliwe na mtu asiye na samaki. Jenereta iwekwe mbali na mtu mwenye kiburi. Lakini kama unaenda kuongea na watu, Mungu alikufungia vyombo viwili kwa kichwa, havitaki jua wala petroli, na bado kuna mtu ataviacha nyumbani.