Basi Lisilotaka Mkono

Nyinyi vijana mnaoingia basi bila kuinua goti, someni hii polepole. Mimi niliishia darasa la tatu, sijui kupamba maneno. Nitasema ilivyokuwa.

Tulikuwa wachuna chai wa kampuni. Shamba lilikuwa mbali na kambi, upande wa Boito, na asubuhi trekta ilitupeleka ikivuta trela. Sakafu ya hiyo trela ilinifika kifuani, na ngazi haikuwapo. Kwa hivyo tulikuwa na njia yetu. Mwanamke akishapanda, hakai. Anageuka, anampa mkono aliye nyuma yake, anamvuta. Huyo naye anageuka. Dereva alituangalia kwa kioo. Akiona hakuna aliyesimama tena, anajua tumeisha, anaondoa trekta. Hatukupiga kelele wala filimbi.

Wa nyuma yangu alikuwa mama mmoja wa kutoka Kisii, jirani yangu. Ukuta wetu wa kambini ulikuwa mmoja, akikohoa, nasikia. Sisi wawili tulipanda mwisho, yeye mwisho kabisa. Alikuwa mzito, na kila asubuhi aliniambia, "Vuta mama, mimi si gunia la mahindi."

Namjibu, "Gunia lingenyamaza."

Halafu nikamkasirikia. Nyapara alimwaga kikapu changu chini mbele ya watu, akasema nimechanganya majani magumu. Ilikuwa kweli. Lakini nani alimwambia? Nikaamua ni huyu, kwa sababu mstari wake ulikuwa karibu na wangu. Sikumuuliza. Siku nne nilimvuta bila kumsalimia, hata chumvi tukaacha kuombana.

Siku ya tano mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilivutwa, nikapanda, sikugeuka. Nikaenda kukaa katikati ya watu. Wenzangu walikuwa wamejifunika nailoni kichwani kwa sababu ya mvua. Nikamsikia kutoka chini.

"Mama, mkono."

Nikaangalia majani ya kando ya barabara.

"Mama, mkono."

Hakupaza sauti. Angepaza, mtu angesikia. Nafikiri alijua nimesikia. Akajaribu kupanda peke yake na gambuti zenye matope, na dereva alikuwa ameshaona nimekaa. Trekta ikaruka. Alianguka na kichwa kwenye mawe ya barabara, na hakumaliza wiki.

Watu wote walilaumu trela. Walisema iko juu sana, si ya binadamu. Hata mimi nilisema hivyo, kwa sauti kubwa, matangani.

Mwaka uliofuata kampuni ikaleta mabasi mapya sita. Sakafu ilikuwa chini kabisa, kama kizingiti cha nyumba. Mchungaji akaombea kila moja, akasema marehemu ndiye ametuletea zawadi hii. Wakamwita binti wa marehemu, yule aliyeolewa Ndanai, akate utepe. Meneja akasema kuanzia leo hakuna mama atavutwa kama mzigo. Tukapiga makofi. Yangu yalikuwa mazito mikononi.

Tukaambiwa tuingie tujaribu. Mguu wangu ulikuwa na mazoea yake: niliuinua mpaka karibu na tumbo, ukashuka mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kupanda, nikapepesuka mpaka kwenye viti.

"Kogo, unapanda ng'ombe?" wanawake wakasema, wakacheka. Kogo ni nyanya, na walikuwa wameanza kuniita hivyo.

Sikukaa. Niligeuka, nikanyoosha mkono chini, kama nilivyofanya miaka hiyo yote. Aliyekuwa nyuma yangu ni yule binti. Alidhani namsalimia. Akaushika kwa mikono yake miwili.

"Mama alikuwa anakutaja," akasema. "Anasema wewe ndiye ulimvuta kila siku."

Mkono wangu alikuwa bado ameushika.

"Siku ile, nani alikuwa mbele yake?"

Wanawake walikuwa bado wanacheka mguu wangu. Nikamwambia, "Sikumbuki, mtoto wangu."

Akashukuru. Alinishukuru, mimi.

Baadaye nyapara alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba hakuambiwa na mtu. Majani magumu aliyaona kwa macho yake. Sikulala vizuri tena. Na asubuhi, nikiingia basi, namsikia. "Mama, mkono." Anatoka chini ya sakafu. Niambieni, anasimama wapi? Hilo basi liko chini hivi kwamba hata kuku hawezi kupita hapo. Niligeuka kila siku mpaka nilipoacha kazi, na wasichana walizoea, wakadhani ni uzee.

Yule binti bado yuko Ndanai. Mara mbili amepita hapa kunisalimia, na mara zote mbili nilikuwa jikoni, nikatuma mtu aseme nimeenda sokoni. Mara ya pili alikaa kwenye benchi nje mpaka jua likapinduka. Alipoenda, niliwaita wote wa nyumba yangu, mwanangu, mke wake na wajukuu, nikawaambia: Huyo akija tena, asiambiwe sipo. Mleteni mpaka nilipo, mfunge mlango, mtuache.