Mtu Aliyeoa Jina

Sjur alizaliwa kinamasini, na maisha yake yote ya ukubwani aliyatumia kuwasahaulisha watu jambo hilo. Nyumba ya baba yake ilikuwa chini kabisa ya bonde, mahali ambapo maji yakishafika hayaoni sababu ya kuondoka. Shamba lenyewe liliitwa Myra, yaani kinamasi, na hakuna aliyewahi kulitafutia jina la kulistiri. Basi naye akawa Sjur Myra.

Siku zile hakuna mtu bondeni aliyekuwa na jina la ukoo la kutembea nalo. Ulikuwa na jina lako, ukawa na la baba yako, na mwisho likaja jina la shamba unakolala. Ukihama, jina la shamba lilibaki palepale kama jiko la mawe, nawe ukavikwa la huko uendako. Sjur alikwenda kuchunga mbuzi Lien, akawa Sjur Lien. Akaenda kukata magogo Bakken, akawa Sjur Bakken, ingawa huko alilala darini juu ya ng'ombe na hata kijiko alichokulia hakikuwa chake. Hakuna aliyecheka. Ndivyo watu walivyoishi.

Kisha Ragna wa Storhaug akafiwa na mume.

Storhaug lilikuwa shamba kubwa kuliko yote ya upande wa jua. Ragna alizaliwa pale, kama mama yake na babu yake kabla yake. Mume wake wa kwanza, mtu mpole, aliingia humo kwa ndoa na kutoka kwa homa ya mapafu bila kumsumbua mtu. Nyasi zilikuwa zimesimama bila kukatwa, mvua inakaribia, na Ragna alihitaji mikono. Sjur alikuwa na mikono. Majani yalipoanza kupukutika wakafunga ndoa, na aliposhuka ngazi za kanisa alikuwa tayari Sjur Storhaug.

Masikini akipata, matako hulia mbwata. Wanaume wengine waliopata mashamba kwa kuoa walilivaa jina kama koti la kuazima, wakichunga lisichafuke. Sjur alilivaa kama ngozi. Alianza kutembea polepole. Alianza kukohoa kabla ya kusema. "Sisi watu wa Storhaug," alikuwa akisema mezani, "Jumapili hatuli samaki wa chumvi." Ragna, aliyekuwa akila samaki wa chumvi kila Jumapili tangu aote meno, aliendelea kutafuna.

Nyuma ya ghala palikuwa na kilima, hicho kilichoipa Storhaug jina lake. Sjur aliwaambia wageni kuwa ndani yake amezikwa mfalme wa kale.

"Mfalme yupi?" mgeni mmoja aliuliza.

"Wa kwetu," alijibu Sjur.

Kwao halisi hakukanyaga tena. Kaka yake Nils alipokutana naye dukani akamwambia, "Sjur Myra, habari za huko juani?" Sjur aligeuza shingo taratibu, akaangalia nyuma yake kuona anayeitwa ni nani.

Ndipo ikaja sheria kutoka mji mkuu: kila nyumba ichague jina moja, na watoto na wajukuu watembee nalo popote waendapo. Mchungaji Falch aliitangaza kanisani. Dukani watu walicheka wiki nzima. "Kaka yangu amechagua la shamba, mimi nimechagua la baba," alisema fundi viatu. "Kuanzia Jumatatu hatuna undugu, na lile jembe alilonikopesha halirudi."

Hapo hapo dukani Sjur akapata habari iliyomnyima hamu ya kula. Anfinn naye alikuwa amechagua Storhaug.

Anfinn alikuwa mpangaji katika ardhi ya Storhaug. Alikaa kwenye kibanda cha ukingoni mwa msitu, akilima viazi vyake kwenye kipande cha mteremko na kulipa kodi kwa jasho, akiwakatia wenye shamba nyasi kila kiangazi. Baba yake alilipa hivyo, na babu yake pia. Na kwa kuwa walilala kwenye ardhi ya Storhaug, wote waliitwa Storhaug, wala hakuna aliyeona ajabu.

Sjur aliona. Alivaa koti lake la kanisani, siku ya kazi, akashuka hadi kibandani.

"Nasikia umechagua jina," alisema bila kuketi.

"Sikuchagua, bwana. Nililikuta."

"Ni jina la shamba langu."

"Kweli kabisa. Nami nakaa shambani kwako. Ningekaa mwezini ningeitwa Anfinn Mwezini."

Berit, mkewe Anfinn, alikuwa akisukuma mikate myembamba mezani, unga hadi viwikoni. "Baba mkwe kazikwa kwa jina hilo," alisema. "Na babu vilevile. Sasa bwana anataka tuwafukue tuwabatize upya?"

"Mna jina la baba," alisema Sjur. "Anfinn Larsen, mwana wa Lars. Jina zuri, linawatosha watu wengi."

"Linawatosha mno. Huko mjini ukiita Larsen, nusu ya soko hugeuka," alisema Anfinn.

Aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea viazi. Hakuwa tena na uso wa utani. "Sikiliza, bwana. Binti yetu Synnøve anakwenda Amerika mwezi wa tano. Nyumba hii si yetu. Viazi vinaota kwenye udongo ambao si wetu. Sina ninachoweza kumpa mtoto ila jina la mahali alipotoka."

"Mpe kikapu," alisema Sjur. "Kina manufaa zaidi." Kisha akakohoa, kama ilivyokuwa desturi yake mpya. "Mkitaka jina, tafuteni ardhi nyingine. Mkitaka ardhi, acheni jina. Jumapili nitamweleza mchungaji."

Mkate ulianza kuungua juu ya chuma, na hakuna aliyeugeuza.

Nyumbani Sjur alisimulia mambo hayo kwa fahari, akinyoosha miguu chini ya meza. Ragna alikuwa akikata jibini la mbuzi, lile la rangi ya kahawia, vipande vyembamba kama alivyofundishwa na mama yake.

"Umewaambia wahame?"

"Nimelilinda jina letu."

"Letu," alisema Ragna. Akaendelea kukata.

Jumapili, baada ya ibada, wenye nyumba waliingia mmoja mmoja kwenye chumba kidogo kando ya madhabahu, na mlango ukaachwa wazi kwa sababu ya joto. Nje walisimama waliokuwa wakingoja zamu, Anfinn na Berit miongoni mwao, Synnøve katikati yao, baba yake kashika kofia mkononi kama mtu anayesubiri hukumu ya mahakama.

Sjur aliingia wa kwanza, Ragna nyuma yake. "Storhaug," alisema. "Na uandike kwamba mpangaji wangu haruhusiwi."

"Mwenye shamba akikataa, siwezi kumpa mpangaji jina la shamba," alisema mchungaji. "Hilo ni kweli."

"Basi nimekataa."

Mchungaji Falch alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Alikuwa amezeeka bondeni humo; alijua nani alibatizwa wapi. "Mwenye shamba nilimaanisha aliyezaliwa nalo," alisema kwa upole, akamgeukia Ragna. "Mama, wewe unasemaje?"

Nje mtu alikanyaga kokoto, akaacha.

"Anfinn na watu wake walichukue," alisema Ragna. "Baba yake alikuwa Storhaug wakati mimi bado sijajua kuongea. Na pale wanapokaa watakaa."

"Ragna," alisema Sjur.

"Nilikuwa nakusikiliza tangu msimu wa nyasi, mume wangu. Sasa nasema mimi."

Mchungaji aliandika. Kisha, kwa kuwa kazi yake ilimlazimu, akauliza, "Na mumeo?"

Ragna alimtazama Sjur kitambo, jinsi mtu anavyolitazama jembe la kuazima ambalo mwenyewe hajalidai.

"Mpe naye," alisema. "Ameshalizoea. Akivuliwa sasa atashikwa na baridi."

Waliokuwa nje walilistahi kanisa. Walicheka walipofika langoni.

Synnøve aliondoka mwezi wa tano na jina lake limepakwa rangi nyeupe kwenye sanduku. Bondeni zikabaki nyumba mbili za Storhaug, na watu wakahitaji namna ya kuzitofautisha. Kwa Anfinn haikuwa kazi. Alikuwa nalo tangu kuzaliwa, akaendelea kuitwa vilevile. Aliyehitaji kuongezewa kitu ni yule mwingine. Wakamwita Sjur wa Ragna.

Mwaka wa kwanza hakuitika. Alisimama dukani, mikono nyuma, mwenye duka akiita "Sjur wa Ragna, gunia lako," mara ya kwanza, mara ya pili, hadi mwingine akahudumiwa mbele yake. Mwaka wa pili kipupwe kilikuja mapema, unga nyumbani ukaisha, naye akaitika.