Simu Chini ya Viazi

Leo nimekaribisha watu waile simu yangu, jamani!

Mwanangu Neema, yule mwalimu wangu (mwalimu kamili, msichoke kusikia), kanitoa Kasulu kuja kupumzika ziwani Kigoma.

"Mama, simu umeiweka wapi? Ufukweni watu wanaibiwa."

Nikacheka. Nilishaifunga kwenye nailoni, nikaizika chini ya viazi vya kuchemsha, ndani ya hotipoti. Mwizi gani anaiba viazi?

Na picha zote za mahafali ya Neema zimo kwenye simu hiyo tu.

Tukaingia majini. Nikalala chali, masikio ndani ya maji, milima ya Kongo ng'ambo ikielea pamoja nami. Kimya kitamu, hata nikasahau kama nina miguu.

Kugeuza kichwa, namwona mama mmoja tuliyekaa naye jirani pale mchangani anawapakulia wanawe. Kutoka hotipoti yangu!

"Neema, viazi vyetu!"

"Si umewaambia mwenyewe, 'Karibuni chakula'?"

Kweli, nilisema wakati nawapita. Lakini sisi Waha nani anaacha chakula bila kukaribisha? Kwa kawaida si mtu anajibu, "Asante, tumeshiba"?

Nikatoka mbio, kanga inachuruzika.

Mama yule kashika nailoni juu. "Dada, kiazi hiki mbona kinaita?"

Baba Neema alikuwa anapiga!

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikawaonyesha Neema na joho lake, picha moja moja, mpaka viazi vikaisha.

Sasa nipeni maarifa: simu niifiche wapi? Maana kukaribisha siachi.