Udi wa Kortini

Mwausikia huo udi, wanangu? Mjukuu wangu afukiza shati la mumewe. Mume huyo yuko kwenye kifungo cha nje, na sasa ameshtakiwa tena kwa wizi, leo aenda kortini.

Babangu yalimpata yayo hayo, hapa hapa Bofu. Mama alitandaza kanzu yake juu ya chetezo, mimi mdogo nimeshika mkono wa kanzu, nacheka moshi ukinitekenya pua. Jirani akauliza dirishani, "Mwaenda harusini?"

"Hakimu ajue huyu ana mwenyewe," mama akamjibu.

Baba alifungwa, hakurudi. Kila Ijumaa mama aliifukiza kanzu yake nyingine iliyobaki nyumbani, mpaka ikawa rangi ya chai.

Nimemsimulia mjukuu wangu. Huku akiongeza udi kwenye makaa, akaniahidi: "Nyanya, akifungwa, sitafukiza nguo tupu."